Vyama vya kahawa Kagera viwajue wezi wa mtandao kabla ya msimu

MKULIMA wa Kamachumu anapofikisha magunia yake ya kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, kitu cha kwanza anachokikazia macho ni mizani. Ana haki ya kufanya hivyo, kwani miaka nenda miaka rudi wizi aliouzoea ni wa mizani. Asichokitazama ni ile kompyuta mpakato iliyo juu ya meza ya katibu, ambamo kilo zake zinaingizwa pamoja na jina lake, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki ambako fedha zitapelekwa baada ya mnada.

Kompyuta hiyo sasa ndiyo mizani ya pili. Kahawa ya Kagera inauzwa kwa mnada wa kielektroniki kupitia soko la bidhaa la TMX. Taarifa za vyama zinaingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kama MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 nayo ilimlazimu mkulima kuandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta kabla ya kupata mfuko mmoja. Muuza pembejeo wa Muleba mjini, mwenye duka la jumla wa Rwamishenye na mchuuzi wa dagaa anayesubiri mzigo kutoka visiwani, wote wana simu au kompyuta ambayo ikigoma siku mbili biashara inasimama.

Mabadiliko haya yana faida nyingi na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Hata hivyo, yamefungua mlango kwa mwizi wa aina mpya, ambaye hajawahi kufika Bukoba na pengine hajui iko upande gani wa Ziwa Victoria.

Mwizi huyo hutumia kinachoweza kuitwa virusi vya kikombozi. Ni programu inayoingia kwenye kompyuta kimyakimya, ikayafunga mafaili yote kwa ufunguo anaoujua mwizi peke yake, kisha ikaacha ujumbe kwenye skrini unaodai fedha, kwa kawaida kwa sarafu ya mtandao ya Bitcoin. Siku hizi wengi wao kwanza hunakili mafaili hayo na kuyapeleka kwao. Asiyelipa hutishiwa kwamba siri zake zitaanikwa hadharani.

Dunia ilizinduka Mei 12, 2017, pale virusi vilivyoitwa WannaCry viliposhambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, vikidai dola 300 kwa kila kompyuta. Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwapo. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba ufa huo miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao habari haikuwafikia, na wale iliowafikia wakaipuuza.

Wakulima nao hulengwa

Wapo watakaosema mambo haya ni ya mabenki na mashirika makubwa, si ya wakulima. Wawatazame wakulima wa mahindi na soya wa Iowa, Marekani. Septemba 2021, katikati ya mavuno, chama chao cha ushirika kiitwacho NEW Cooperative kilifungiwa mafaili yake na wezi waliodai dola milioni 5.9. Chama kikalazimika kuzima mifumo yake na kutafuta namna nyingine ya kupokea nafaka, huku malori yakiendelea kuleta mzigo. Siku hizohizo chama kingine cha wakulima, Crystal Valley cha jimbo la Minnesota, nacho kikapigwa. Aprili 2022 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari likieleza kuwa vyama sita vya nafaka vilishambuliwa katika mavuno ya 2021, na mashambulizi mengine mawili yalikuja mwanzoni mwa 2022, wakati wa kuandaa mbegu na mbolea.

Wezi hawa wana kalenda ya kilimo. Wanajua kuwa chama kilichofungiwa mafaili baada ya msimu kitajikongoja, lakini kilichofungiwa katikati ya mavuno hakina muda wa kubembelezana.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni jina la kundi lililoishambulia NEW Cooperative. Liliitwa BlackMatter, na lilikuwa limejitokeza Julai 2021, miezi miwili tu kabla ya shambulio. Ofisa wa chama cha ushirika ambaye angesema anaogopa makundi makubwa yanayotajwa kwenye magazeti asingelijua hilo. Waliolijua ni wachache ambao kazi yao ni kuwafuatilia wezi hawa siku hadi siku, na waligundua mapema kuwa halikuwa kundi geni. Namna lilivyoandika programu yake ilifanana mno na ya DarkSide, kundi ambalo Mei 2021 lilisababisha bomba la mafuta la Colonial kusimama na kampuni hiyo kulipa dola milioni 4.4. Baada ya vishindo vya Serikali ya Marekani, DarkSide lilitoweka na BlackMatter likazaliwa. Novemba 2021 BlackMatter nalo likatangaza kufunga, na mwezi huohuo likajitokeza jingine lililoitwa ALPHV, maarufu kama BlackCat.

ALPHV ndilo lililojitangaza kuhusika wakati kampuni ya maduka makubwa ya Naivas ya Kenya ilipokiri, Aprili 2023, kwamba imevamiwa na virusi vya kikombozi. Hivyo ukoo uliowasumbua wakulima wa Iowa uliingia Nairobi katika muda usiozidi miaka miwili, ukiwa umebadilisha jina. Kutoka Nairobi hadi Mutukula si mbali, na kwa njia ya intaneti umbali wenyewe haupo.

Kazi ya kuwafuatilia

Wanaowafuatilia wezi hawa hufanya kazi isiyotofautiana sana na ya mganga wa wilaya anayesaka chanzo cha kipindupindu. Hutembelea kurasa zilizofichika ambako makundi hubandika majina ya waliovamiwa na saa inayohesabu siku zilizobaki kabla ya siri kuanikwa. Hukusanya ujumbe wa vitisho na kulinganisha mwandiko wake. Huichambua programu yenyewe na kuandika alama yake ya utambulisho, ambayo kompyuta nyingine zinaweza kuitumia kuikataa. Huifuata Bitcoin inakopita, kwani kila malipo yake huacha nyayo katika daftari la wazi lisilofutika. Kwa njia hiyo Marekani iliweza, Juni 2021, kurejesha sehemu ya fedha zilizolipwa na Colonial.

Faida yake kwa aliyevamiwa si ya nadharia. Wataalamu wa kampuni ya Emsisoft waligundua kasoro katika ufunguo wa BlackMatter, wakawasaidia waathirika kimyakimya kufungua mafaili yao bila kulipa, hadi wezi walipoirekebisha. Desemba 2023 FBI iliingia ndani ya mitambo ya ALPHV na kutoa zana iliyowafaa waathirika zaidi ya 500. Aidha, tangu 2016 upo mpango uitwao No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za kompyuta, unaotoa funguo bure kwa virusi vingi ambavyo siri yake imeshajulikana. Anayekimbilia kulipa kabla ya kuuliza ni nani aliyemvamia anaweza kuwa ananunua ufunguo unaogawiwa bure.

Kulipa kwenyewe hakumalizi mambo. Polisi wa Uingereza na wenzao walipoiteka mitambo ya kundi la LockBit Februari 2024, walikuta humo taarifa za watu waliokwisha kulipa, ingawa waliahidiwa kuwa zimefutwa.

Kwa nini basi yafuatiliwe makundi madogo yasiyo na jina, badala ya kuwaachia polisi wa kimataifa wapambane na mapapa? Sababu ni ya kibiashara. Mapapa huwinda kampuni zenye mamilioni ya dola. Anayeweza kuridhika na dola 500 au 1,000 kutoka kwa mwenye duka wa Kashai ni kijana aliyeokota zana za wenzake. Na zana zimezagaa. Programu ya kundi la Babuk ilivuja mwaka 2021, ya Conti ikavuja 2022, na kitengenezea virusi cha LockBit kikavuja Septemba mwaka huohuo. Asiyeweza kuandika mstari mmoja wa programu anaweza kuchukua kilichovuja, akabadilisha jina na anuani ya malipo, akaanza kazi. Makundi ya namna hii huishi miezi michache na hayapati nafasi kwenye magazeti, lakini ndiyo yanayolingana na ukubwa wa AMCOS.

Kagera haihitaji kufundishwa somo hili kwa mifano ya Ulaya. Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na ilipofika 2006 ulikuwa umethibitishwa Muleba. Katikati hapo palikuwa na miaka kadhaa ya kuambiana, na kila mwenye kibanja anajua gharama ya habari iliyochelewa. Anajua pia kuwa ugonjwa ule haukuletwa na upepo tu. Uliletwa na wadudu kwenye ua dume, na kwa kiasi kikubwa na kisu kilichotoka shamba moja kwenda jingine bila kuchomwa moto. Flashi inayotoka kwa katibu wa chama kwenda steshenari kuchapisha orodha ya malipo, kisha ikarudi na kuchomekwa kwenye kompyuta ya chama, ndicho kisu hicho.

Machi 2023 nao ni ushahidi. Watu walipoanza kufariki wilayani Bukoba kwa ugonjwa ambao mwanzoni haukuwa na jina, timu za afya hazikungoja jina. Zilianza kuorodhesha waliogusana na wagonjwa nyumba kwa nyumba. Machi 21 Serikali ikatangaza kuwa ni Marburg, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kumalizika, vifo vikiwa sita. Jina lilikuja wakati ufuatiliaji umeshaanza.

Hasara yenyewe

Hesabu ya hasara ikifanywa kwa macho ya Kagera inatoa sura tofauti na ile ya Marekani. Kule hofu ni nafaka kuozea kwenye malori. Hapa hofu kubwa ni butura.

Chukulia mfano wa AMCOS yenye wanachama 400, kila mmoja akiwa amepeleka kilo 300 za maganda, na bei ya mnada ikawa Sh3,000 kwa kilo. Hizo ni Sh360 milioni zinazosubiri orodha moja iliyomo kwenye kompyuta moja. Orodha ikifungwa mwishoni mwa Juni, na karani akahitaji wiki tatu kuijenga upya kutoka kwenye vipande vya stakabadhi, fedha hazijapotea. Zimechelewa tu. Lakini Julai shule zinafunguliwa, na mwenye mtoto anayekwenda kidato cha tano hana wiki tatu. Atamwendea mwenye fedha wa kijijini, atapewa Sh150,000, naye ataahidi kahawa ya msimu ujao kwa nusu ya bei, yaani kilo 100 ambazo zingempatia Sh300,000. Wanachama 100 wakifanya hivyo, Sh15 milioni zimehama kutoka mifukoni mwa wakulima bila mwizi wa mtandao kuambulia hata senti moja.

Hasara ya pili haiandikiki kirahisi. Mkulima aliyecheleweshewa malipo mara moja hupoteza imani na chama, na msimu unaofuata mzigo wake huvuka mpaka usiku. Viongozi wa mkoa wamehangaika miaka mingi na magendo ya kahawa kwenda Uganda. Kompyuta iliyofungwa ingewafanyia walanguzi kazi yao bila malipo.

Kwa kulinganisha, diski ya nje ya kuhifadhia nakala rudufu ya orodha hizo haizidi bei ya mbuzi wawili au watatu.

Haiwezi kusemwa kuwa Tanzania imelala. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo iliyoweka msingi wa TZ-CERT, kitengo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya TCRA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo inamgusa kila anayekusanya majina na namba za watu, AMCOS ikiwamo, ingawa si viongozi wengi wa vyama wanaojitambua hivyo. Tanzania ilikuwamo pia katika nchi 19 za Afrika zilizoshirikiana na Interpol mwaka 2024 katika operesheni iliyokamata watu 1,006. Operesheni hiyo ilipewa jina la Serengeti, na virusi vya kikombozi vilikuwa miongoni mwa makosa iliyoyalenga.

Na wananchi wa kawaida wameshaanza kazi ya ufuatiliaji bila kuiita hivyo. Kila anayepokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” anaweza kuipeleka namba ya tapeli kwa 15040, ikafuatiliwa na kufungiwa. Kutokana na taarifa hizo TCRA hutoa kila robo mwaka hesabu ya majaribio ya utapeli kwa kila mkoa, na ndipo nchi nzima ilipojua kuwa Rukwa na Morogoro zimekuwa zikiongoza. Taarifa ya mama mmoja wa Izigo na ya kijana wa Kemondo, zikiunganishwa, zinachora ramani ambayo hakuna askari mmoja angeweza kuichora.

Pengo liko kati ya ramani hiyo na meza ya katibu wa chama. Tahadhari kuhusu virusi vya kikombozi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, huwekwa kwenye tovuti, na humlenga mtu mwenye idara ya kompyuta. Katibu wa AMCOS hana idara. Ana kompyuta moja, modemu, na pengine mpwa wake aliyesoma chuo.

Kumtaka katibu huyo awafuatilie wezi wa dunia ni mzaha. Kazi hiyo inapaswa kukaa ngazi ya juu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa kuwa ndiyo yenye MUVU na inamjua kila katibu, ingeweza kukubaliana na TZ-CERT ipokee tahadhari zinazohusu vyama, izifupishe kwa Kiswahili cha mistari mitatu, na kuzituma kwa simu. Ujumbe ungesema: barua pepe yenye faili la namna hii isifunguliwe, programu fulani ihuishwe kabla ya Ijumaa, anayeona maneno haya kwenye skrini achomoe waya wa intaneti na apige namba hii. Idadi kubwa ya tahadhari hizo itumwe Aprili na Mei, kabla mizani haijafunguliwa, kama ofisa ugani anavyohimiza kuondoa ua dume kabla mdudu hajafika.

Vyama vikuu navyo vina sehemu yao. KCU inayohudumia Bukoba na Muleba, na KDCU kwa upande wa Karagwe na Kyerwa, zina vyama vya msingi vingi kiasi kwamba mtaalamu mmoja wa kompyuta anayezunguka angegharimu kila chama fedha kidogo sana kwa kilo. Shirika la ukaguzi wa vyama, COASCO, linaweza kuongeza swali moja katika ukaguzi wake: nakala rudufu ifunguliwe mbele ya mkaguzi. Kuonyeshwa diski hakutoshi, kwani diski nyingi zinazotunzwa kabatini ziligoma siku zilipohitajika.

Gumu kuliko yote ni aibu. Katibu aliyefungiwa mafaili huogopa kuonekana mzembe au mwizi, hivyo huita fundi wa mtaani, akaifuta kompyuta na kuanza upya kimya. Pamoja na mafaili, fundi huyo hufuta ujumbe wa mwizi, anuani ya Bitcoin na alama zote ambazo zingeonya chama cha kijiji jirani. Inafaa Tume itamke wazi kwamba anayetoa taarifa ndani ya siku moja hataadhibiwa kwa kuvamiwa. Adhabu ibaki kwa anayeficha. Bila hivyo TZ-CERT itaendelea kujua mengi kuhusu Urusi na machache kuhusu Muleba.

Kuna hoja inayotolewa na wazee wa vyama, nayo si ya kudharauliwa. Wanasema daftari halipati virusi. Ni kweli, na chama kilichoanza kutumia kompyuta kikaacha kuandika daftari kimekosea. Stakabadhi ya karatasi yenye nakala mbili, moja kwa mkulima na moja kwa chama, ndiyo nakala rudufu ambayo hakuna mwizi wa mtandao anayeweza kuifunga. Wanachosahau ni kuwa daftari nalo huliwa na mchwa, na halitumi fedha benki. Vyote viwili vinahitajika, na karani alipwe kwa kuvitunza vyote viwili.

Wanachama hawana haja ya kungoja Tume. Katika mkutano mkuu, baada ya mapato na matumizi kusomwa, mmoja asimame aulize nakala ya orodha ya wakulima inakaa wapi, nani mwingine zaidi ya katibu anajua nywila yake, na mara ya mwisho ilifunguliwa lini ikasomeka. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, kwenye daftari.